Kabla ya amri ya ulezi, nani amemtafuta mama?

Faili la ombi la ulezi wa mtoto aliyetelekezwa huwa na pande mbili zisizolingana. Upande wa waombaji umejaa: cheti cha ndoa, taarifa za mishahara, ripoti ya daktari, barua ya mchungaji, hati ya polisi inayoonyesha kuwa hawajawahi kuhukumiwa, na ripoti ndefu ya mtaalamu wa ustawi aliyewatembelea kwao Ohio au Bologna, akahesabu vyumba na kuwahoji majirani. Upande wa mtoto una karatasi tatu au nne. Barua ya polisi inasema aliokotwa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inasema wazazi wake hawajulikani. Barua ya makao ya watoto inasema alipokewa siku fulani akiwa dhaifu. Pengine kuna na kipande cha gazeti chenye picha yake.

Jaji anayelisoma faili hilo ana moyo kama sisi sote. Mbele yake wamekaa mume na mke waliovuka bahari, mtoto amesinzia kifuani mwa mama huyo mgeni, na wakili amesimama kueleza shule, bima ya afya na mapenzi yanayomngojea huko aendako. Upande wa pili wa chumba hakuna mtu. Bibi hayupo, mjomba hayupo, na aliyemzaa hana wakili, maana faili limekwisha kusema kuwa watu hao hawajulikani walipo. Shauri la upande mmoja linamtaka jaji awe mkali kuliko kawaida. Ninachodai katika makala haya ni kwamba kabla mahakama haijapima wema wa wageni, ipime kazi iliyofanyika kumtafuta mama na ukoo wa mtoto. Kama kazi hiyo haikufanyika, ombi lisisikilizwe, hata waombaji wawe watu wema kuliko wote waliowahi kupanda ngazi za mahakama hiyo.

Jirani zetu wa Uganda wamelipitia jambo hili hadi mwisho wake, na yaliyowakuta yanatuhusu sisi Watanzania. Sheria yao ya Watoto, kabla ya kurekebishwa mwaka 2016, ilimtaka mgeni anayetaka kuasili mtoto awe ameishi nchini miaka mitatu na awe amemlea mtoto huyo kwa miezi 36 chini ya macho ya afisa wa ustawi. Wamarekani wenye kazi na nyumba kwao hawakuweza kukaa Kampala miaka mitatu. Mawakili wakaona njia nyingine. Sheria haikuwa imesema chochote juu ya mgeni kuomba ulezi tu bila kuasili, basi wakaiomba Mahakama Kuu itumie mamlaka yake ya asili na kanuni ya Katiba kwamba maslahi ya mtoto yatangulie. Wapo majaji waliokataa, wakisema huku ni kuzunguka sharti la miaka mitatu. Rufaa mbili za mwaka 2006 zilizofunguliwa na wanandoa wa Kimarekani zikafika Mahakama ya Rufani, na huko waombaji wakashinda. Tangu hapo njia ikawa ya wote. Wanandoa walifika, shauri likasikilizwa, amri ikatolewa, mtoto akapata pasipoti, ubalozi ukampa viza ya mtoto anayekwenda kuasiliwa Marekani, na wote wakaondoka. Kuasili kwenyewe kulikamilishwa katika mahakama ya huko. Kilichotakiwa kuchukua miaka mitatu kikawa kinamalizika kwa miezi michache, mara nyingine kwa wiki.

Tuitazame amri yenyewe. Ulezi haukati ukoo. Mlezi hupewa dhamana ya kumtunza mtoto, kumsomesha, kumtibu na kumsainia fomu zake, lakini mtoto hubaki na jina lake na haki yake katika mirathi ya kwao, na mahakama iliyotoa amri inaweza kuitengua mambo yakibadilika. Waislamu wa pwani wanaujua msingi huu kwa jina la kafala. Sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto wa kulelewa waendelee kuitwa kwa baba zao, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imeipa kafala nafasi yake rasmi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao unaitaja kwa jina katika ibara ya 20. Kuasili ni jambo jingine kabisa. Mtoto hupewa wazazi wapya na cheti kipya cha kuzaliwa, na wale wa kwanza hufutika mbele ya sheria. Kosa la Kampala lilikuwa hapo: mahakama ilitoa amri inayoweza kutenguliwa huku ikijua inakwenda kutumika kwa jambo lisilotenguliwa kwa urahisi. Ndege ikishaondoka Entebbe, jaji aliyesaini hana tena namna ya kumwita mlezi amuulize mtoto yuko wapi na anaendeleaje. Amemkabidhi mtoto kwa mahakama ya nchi nyingine ambayo haikumsikia mama wala haikuwahi kuona kijiji.

Kwa nini watu wengi waliitaka njia hiyo kwa wakati mmoja? Mwaka 2004 Marekani ilipokea karibu watoto 23,000 kutoka nchi za nje, idadi kubwa kuliko mwaka mwingine wowote. Guatemala, iliyokuwa ikitoa maelfu, ikafunga milango mwaka 2008 baada ya kashfa za watoto walioibwa na akina mama waliolipwa. Mashirika yakahamia Ethiopia, na mwaka 2010 zaidi ya watoto 2,000 wa Kihabeshi waliingia Marekani. Ethiopia ilipoanza kubana mwaka 2011, zamu ikawa ya Uganda na Kongo. Uganda, ambayo hapo kabla ilikuwa ikitoa watoto chini ya 100 kwa mwaka kwenda Marekani, ikapita 200 na kuendelea hivyo kwa miaka kadhaa mfululizo. Yatima wa Uganda hawakuongezeka ghafla mwaka huo. Kilichoongezeka ni wanaosubiri, na fedha walizokuwa tayari kulipa, makumi ya maelfu ya dola kwa mtoto mmoja, katika wilaya ambako afisa wa ustawi hana hata mafuta ya pikipiki.

Hapo ndipo neno moja katika faili linapopata bei. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina tafsiri yake ya yatima. Si lazima awe amefiwa. Anaweza kuwa ametelekezwa na wazazi wote wawili, au wametoweka, au amebaki na mzazi mmoja asiyeweza kumtunza ambaye amesaini kumwachia moja kwa moja. Mtoto anayeishi na baba na mama yake, hata kama nyumba yao inavuja na wanakula mara moja kwa siku, hapati viza hiyo. Mtoto yuleyule akiandikiwa kwamba aliokotwa kituo cha basi, anaipata. Tofauti kati ya wawili hao ni barua ya polisi na barua ya mwenyekiti. Atakayeshangaa kwamba barua hizo zilianza kuandikwa kwa watoto ambao hawakuwahi kuokotwa popote aangalie kwanza nani alikuwa akilipwa na kwa kazi gani.

Yaliyotokea sasa yamo katika kumbukumbu za serikali na mahakama. Desemba 2016 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ililifungia shirika la kuasilisha watoto la European Adoption Consultants la Strongsville, Ohio. Tarehe 17 Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya nchi hiyo iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Uganda, wakili mmoja wa Kampala na mumewe, ikieleza kwamba familia za vijijini zilidanganywa kuwa watoto wao wanapelekwa Kampala kwa masomo, kisha wakaingizwa kwenye makao na kupelekwa mahakamani kama watoto wasio na watu, na kwamba rushwa ililipwa ili mashauri yafike kwa majaji waliotakiwa. Siku hiyohiyo yalitangazwa mashtaka ya jinai huko Ohio, na Novemba 2021 Mmarekani mmoja aliyekuwa akiendesha programu ya Afrika ya shirika hilo alikiri kosa.

Familia moja ya Ohio ilikuwa imempokea msichana mdogo kwa njia hiyo mwaka 2015. Alipokijua Kiingereza vya kutosha akaanza kuwasimulia habari za mama yake: jinsi walivyopika pamoja, jinsi alivyoambiwa anakwenda shule. Wale wazazi wapya walifanya jambo ambalo ni zito kuliko kumpokea. Walifuatilia, wakapata ukweli, wakaomba kuasili kule kubatilishwe, na mwaka 2016 wakamrudisha Uganda kwa mama aliyekuwa hai muda wote. Nawaheshimu sana watu wale. Lakini nauliza ilikuwaje ukweli uliojulikana kwa mtoto wa miaka sita usijulikane kwa polisi, mwenyekiti, afisa wa ustawi, wakili na jaji. Mtoto alikuwa chumbani mle. Hakuna aliyemuuliza kwa lugha yake.

Bunge la Uganda lilirekebisha sheria mwaka 2016. Sasa ulezi wa kisheria ni wa raia wa Uganda tu. Mgeni anayetaka mtoto aasili, akae nchini mwaka mmoja, amlee mtoto mwaka mmoja chini ya uangalizi, na sheria inasema wazi kuwa kumpeleka mtoto nje ni hatua ya mwisho baada ya zingine zote kushindikana. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 ulikuwa umesema hivyo miaka 26 kabla.

Malawi nao walibishana juu ya sharti la ukaazi mbele ya dunia nzima. Aprili 2009 Jaji Esmie Chombo wa Mahakama Kuu alilikataa ombi la mwanamuziki Madonna la kuasili mtoto wa pili kwa sababu hakuwa mkaazi wa nchi. Hakutilia shaka uwezo wake wala nia yake. Alichohofia ni wale watakaomfuata kupitia mlango huohuo. Miezi miwili baadaye Mahakama ya Juu ya Rufani ikamgeuza, ikipokea hoja kwamba mtu mwenye miradi ya kusaidia watoto nchini asihesabiwe kuwa mpita njia. Najua wengi walifurahi. Mimi nadhani Jaji Chombo ndiye aliyeiona hatari. Sharti la ukaazi linaonekana la kikatili ukimtazama mwombaji mmoja maarufu ambaye maisha yake yote yako hadharani. Maana yake inaonekana ukiwawazia mia mbili wasiojulikana, kila mmoja na shirika lake na wakala wake kijijini. Tena katika ombi la kwanza la Madonna, mwaka 2006, baba mzazi wa mtoto alikuwa hai na alikuwa akimtembelea mwanawe makaoni. Alikuwa mgane maskini aliyeshindwa kukilisha kichanga, akafanya kile ambacho maskini wengi wa Afrika hufanya, yaani kumweka mtoto mahali atakapopata maziwa hadi hali iwe nzuri.

Hili la mwisho linahitaji kukaliwa kidogo, kwa sababu ndilo linalopotea katika mahakama zetu. Watoto wengi walio makaoni si yatima. Save the Children walisema mwaka 2009 kwamba duniani kote watoto wanne kati ya watano walio katika makao wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mama huyo amempeleka mtoto makaoni kama anavyompeleka mwingine kwa shangazi mjini, akitumaini kumfuata. Anakuja mara moja kwa miezi miwili kwa kuwa nauli ni shida. Halafu mwaka mmoja haji, ameugua, au amehamia mashambani kutafuta kibarua. Mtu wa makao anaandika kwamba mzazi hakuonekana tena. Kutoka hapo hadi neno "ametelekezwa" ni hatua moja ya kalamu.

Wapo, ni kweli, waliotelekezwa hasa. Kichanga kilichofungwa kanga kikaachwa mlangoni pa zahanati alfajiri. Mtoto aliyeachwa wodini baada ya mama kujifungua na kutoroka kwa sababu ya deni. Mtoto mwenye ulemavu aliyeachwa stendi. Lakini hata hawa wana mama mahali fulani, na mama huyo ana sababu. Nchini Tanzania kumtelekeza mtoto ni kosa la jinai, na polisi ndio wanaoitwa kwanza, hivyo utafutaji wa mama unaanza kama msako wa mhalifu. Msichana wa miaka 16 anayejua kwamba akijitokeza atawekwa mahabusu hatajitokeza, hata maziwa yakimuuma kifuani. Hadi Novemba 2021, msichana aliyejifungua hapa nchini hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya serikali. Kijana aliyempa mimba alikuwa amekaa darasani. Tulimwambia binti achague kati ya mtoto na maisha yake yote, kisha tukashangaa alipochagua akiwa peke yake gizani. Mlango wa shule sasa umefunguliwa, na naamini kila binti anayerudi darasani ni kichanga kimoja ambacho hakitaokotwa.

Kwa hiyo mama atafutwe vipi? Wauguzi na wakunga wanajua. Mtoto wa wiki moja ana kitovu kilichofungwa kwa namna fulani, na namna hiyo inasema kama alizaliwa hospitali au nyumbani. Kanga aliyofungwa inauzwa kwenye mnada wa eneo fulani. Daftari la kliniki ya wajawazito la zahanati jirani lina majina ya waliokaribia kujifungua mwezi ule, na mmoja wao hakurudi na mtoto kwa ajili ya chanjo. Mwenye bodaboda alimbeba abiria saa kumi alfajiri. Mtoto wa miaka minne ana habari nyingi zaidi: lugha anayoilia akiota, wimbo wa bibi yake, jina la mbwa, kama kwao kuna ziwa au mlima. Mtu mmoja mwenye subira, anayejua lugha ya mahali, asiyevaa sare, akipewa wiki mbili na nauli, atafika mbali kuliko tangazo la gazeti. Ninapoona tangazo la namna hiyo katika gazeti la Kiingereza la mji mkuu, likimtafuta mama ambaye pengine hajui kusoma na anaishi kilomita 300 kutoka linakouzwa, najua lilichapishwa ili liingie kwenye faili.

Redio ya wilaya ingemfikia. Mkutano wa kijiji ungemfikia. Msikiti na kanisa vingemfikia, hasa kama ujumbe ungekuwa kwamba hatakamatwa.

Na akipatikana, ni fukara, hapo mahakama ikumbuke Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009: umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Jaji akianza kulinganisha chumba cha Ohio na kibanda cha Kayunga, Uganda, kibanda kitashindwa kila siku, na kwa hoja hiyo watoto wengi wa Afrika Mashariki wangestahili kuhamishwa. Maslahi ya mtoto yametajwa katika Katiba ya Kenya, ibara ya 53, na katika sheria zetu zote, na hayawezi kuwa na maana ya nyumba bora zaidi inayopatikana duniani.

Wenye maoni tofauti na yangu wana hoja moja nzito, na siwezi kuipita. Wanasema: ukifunga milango unamfungia mtoto makaoni. Ni kweli kwamba makao yanaumiza. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa Bucharest, Romania, waliokuwa katika taasisi, nusu yao wakahamishiwa kwa familia za kulea. Waliohamishwa waliendelea vizuri zaidi kwa akili, kwa mapenzi na hata kwa ukuaji wa ubongo, na waliohamishwa kabla ya miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Mtoto mchanga hawezi kungoja serikali ijipange. Kenya walisimamisha uasili wa watoto kwa wageni Novemba 2014 kwa agizo la Baraza la Mawaziri, na kwa miaka mingi hakuna mfumo wa kutosha wa familia za kulea uliowekwa mahali pake. Watoto wenye ulemavu, ambao Wakenya wachache walikuwa tayari kuwachukua, walibaki palepale. Baadhi ya wageni wanaoishi Nairobi wakageukia ombi la ulezi katika mahakama za watoto, na mwaka 2019 nchi iliona maafisa wa upelelezi wakimchukua mtoto mgonjwa kutoka kwa wanandoa wa Kimarekani waliokuwa wakimlea kwa amri ya mahakama. Sikuona ushindi wowote pale. Mtoto anayehitaji dawa kila siku hachukuliwi nyumbani kama gari lililoibwa, hata kama amri ile ilikuwa na kasoro. Kasoro za amri hutengenezwa mbele ya jaji.

Lakini tuangalie vizuri hoja inatupeleka wapi. Utafiti wa Bucharest haukuwapeleka watoto ng'ambo. Walilelewa Bucharest, na familia za Kiromania zilizofundishwa, zilizolipwa posho na kutembelewa. Kenya wameuelewa ujumbe huo: mkakati wao wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032 unakusudia kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha kwenye familia. Hapa kwetu tuna malezi ya kambo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na tuna wanawake wengi, wengine wasio na watoto, wengine ambao watoto wao wamekua, wanaoweza kumpokea kichanga kesho asubuhi. Wanachokosa ni posho ya maziwa na mtu wa kuwatembelea. Kata nyingi hazina afisa ustawi wa jamii hata mmoja. Nchi inayokosa fedha ya maafisa hao halafu inatoa saa za majaji wake kusikiliza maombi ya ulezi imeanza kazi kutoka mwisho.

Sheria yetu inamtaka mgeni anayetaka kuasili awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Nimesikia sharti hilo likiitwa ubaguzi. Naliunga mkono lilivyo. Miaka mitatu inamwezesha mgeni kujua lugha atakayomsimulia mtoto habari za kwao, kuwafahamu watu wa mtaa aliookotwa, na kuwapo siku shangazi atakapobisha hodi. Wapo wageni waliolitimiza, wauguzi, walimu, wamisionari, na watoto waliowalea ni wetu na wao pia. Ninaoukataa ni ule utaratibu wa kufika na tiketi ya kurudi ya watu watatu.

Na ninawaonea huruma hata hao. Wengi wameomboleza mimba zilizotoka, wamekopa, wamechangiwa na kanisa, wameonyeshwa picha ya mtoto miezi kabla ya kusafiri na wakampenda. Wakala ndiye aliyewaonyesha picha ile kabla ya mahakama yoyote kusema kuwa mtoto hana watu, na jambo hilo linapaswa kuwa kosa kisheria. Mtu aliyekwisha kumpa mtoto jina hawezi tena kuuliza maswali kwa moyo mweupe, na jaji anayemkatalia anaonekana kumnyang'anya mwanawe.

Watoto hawa hukua. Korea Kusini ilipeleka nje zaidi ya 140,000 katika nusu ya pili ya karne iliyopita, na waliporudi wakiwa watu wazima wakitafuta mafaili yao, wengi walikuta wameandikwa yatima huku mama zao wakiwa hai. Machi 2025 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilikiri kwamba kumbukumbu zilighushiwa na haki zao zilivunjwa. Walioghushi nyaraka hizo huko Seoul walitetewa kwa miaka kwa maneno yaleyale, kwamba mtoto amepata maisha mazuri. Wengine waliyapata. Bado waliulizia.

Kuna mambo ambayo mahakama zetu zinaweza kuanza nayo bila kusubiri Bunge. Jaji Mkuu atoe maelekezo kwamba katika kila ombi la ulezi au la kuasili mtoto aliyetelekezwa, mahakama imteue wakili wa kuwasimamia wazazi na ndugu wasiokuwapo, alipwe na serikali, na asiwe na uhusiano wowote na waombaji wala makao. Mtu aliyemtafuta mama asimame kizimbani mwenyewe, aulizwe alikwenda wapi, siku ngapi, alizungumza na nani, kwa lugha gani. Mtoto anayeweza kusema asikilizwe faraghani na mtu anayeijua lugha yake. Makao yaseme kwa kiapo kama yamepokea fedha kutoka kwa waombaji au shirika lao. Faili litunzwe lisichomwe, na mtoto akitimiza miaka 18 apewe nakala. Majibu yasipotosheleza, shauri liahirishwe, mtoto apelekwe kwa familia ya kulea iliyo karibu, na mtafutaji arudi kijijini akiwa na nauli.